Mashoto Anasoma Kitabu cha Gitaa

Niseme mapema tusije tukalaumiana: leo sichambui riwaya wala diwani. Nachambua kitabu cha kujifunzia gitaa, pamoja na santuri moja ya mwaka 1958. Najua wapo watakaouliza blogu ya fasihi ina shughuli gani na nyuzi. Lakini kitabu cha mafunzo nacho ni maandishi. Kina msimulizi wake, kina msomaji kinayemdhania, na kina watu kinaowanyamazia. Mimi ni mmoja wa hao walionyamaziwa, kwa hiyo uchambuzi huu una kinyongo kidogo ndani yake. Mtanivumilia.

Mimi ni mashoto. Au tuseme, nilizaliwa mashoto. Nilikulia Tanga kwa bibi mzaa mama, na pale nyumbani mkono wa kushoto ulikuwa na kazi yake moja ambayo sina haja ya kuitaja. Wali ukitengwa na mkono huo ukajitokeza sinianini, ulipigwa mwiko: mwiko wa mti, na ule mwiko mwingine pia. Bibi hakuwa na chuki na mimi. Alikuwa ananiandaa kuishi na watu. Na lugha yenyewe ilikuwa upande wake, maana mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina limeshamaliza kesi kabla hujafungua mdomo. Ukitaka jina jingine unaambiwa ule ni mkono wa kuume, na huu wako ni mkono wa kike. Basi nikajifunza kula, kuandika, kupokea na kutoa kwa mkono usio wangu. Nilipokuwa kidato cha pili mjomba wangu akanipa gitaa lake la zamani, nikalishika kama alivyolishika yeye. Nimelipiga hivyo miaka ishirini na kitu, na nimelipiga vibaya.

Wengine huniambia, "Sasa wewe si una bahati? Mkono wako wa kushoto ndio unaobonyeza, na kubonyeza ndiko kugumu." Hapana jamani. Mkono unaobonyeza ni karani: unaandaa maneno. Unaochapa nyuzi ndio msemaji. Huo ndio wenye mwendo, pumzi, kusita, hasira. Mimi nilikuwa na karani hodari na msemaji mwenye kigugumizi.

Ningeendelea hivyo hadi kaburini kama si mpwa wangu. Ana miaka kumi. Likizo ya mwaka jana alikuja kwangu Dar, akalitoa gitaa ukutani, akalipakata shingo ikielekea kulia kwake, akaanza kukwaruza kwa mkono wa kushoto. Nikafungua mdomo nimwambie "geuza." Neno likanikwama. Niliusikia mwiko wa bibi kabisa. Nikanyamaza, nikamletea kile kitabu changu cha zamani. Alikitazama dakika mbili tatu, akasema: "Mjomba, mbona kitabu hiki wamekichora kinyume?"

Huo ndio uhakiki bora kabisa niliowahi kuusikia juu ya kitabu hicho. Yaliyobaki hapa ni maelezo tu.

Kitabu chenyewe sikitaji jina. Ni kimoja kati ya vile vya Kiingereza vinavyouzwa mitumba, na nimeshapitia ndugu zake wa kutosha kujua kwamba ukoo mzima unafanana. Ukurasa wa kwanza unakuamuru ushike shingo kwa mkono wa kushoto na uchape kwa wa kulia. Haisemwi kwa nini. Chini, kwa herufi ndogo, kuna sentensi moja kwa ajili yetu: wasomaji wa mashoto wageuze maelekezo yote. Yote! Yaani kila ukurasa, kila mchoro, kila "juu" na kila "chini," msomaji awe mfasiri wa kitabu alichokinunua kwa fedha zake. Mwandishi ametuona, ametuhesabu, akatutengea mstari mmoja.

Michoro ndiyo inayoumiza zaidi. Mchoro wa kodi ni shingo ya gitaa iliyosimama wima, waya mnene kushoto, mwembamba kulia. Ukilishika gitaa kwa mkono wa kulia wa kawaida na kulisimamisha mbele yako, mchoro unalingana na unachokiona. Ukiwa mashoto, mchoro ni uso wako kwenye kioo: unajijua, lakini ukiinua mkono huu, unainuka ule. Mtu mzima anazoea. Mtoto wa miaka kumi anadhani kosa ni lake.

Halafu inafika sura ya modi, na hapo kitabu kinakosea hata kwa wenye mkono wa kulia. Kinakupa skeli moja, do re mi mnayoijua, kisha kinakwambia: anza kwenye do, hiyo ni Ionia, anza kwenye re, hiyo ni Doria, anza kwenye mi, hiyo ni Frigia, fa ni Lidia, sol ni Miksolidia, la ni Eolia, si ni Lokria. Michoro saba, majina saba yenye harufu ya Ugiriki, kwaheri. Kihesabu ni sahihi kabisa. Kimuziki ni sawa na kumfundisha mtu habari za nyumba saba kwa kumwingiza nyumba ileile moja kupitia milango saba. Sikio halidanganyiki. Linakaa sebuleni na kusema, mbona ni hapahapa? Nilikariri michoro ile miezi mitatu nikiwa kijana, na sikuwahi kusikia Doria hata siku moja. Nilisikia do re mi iliyochelewa basi.

Hapo ndipo naomba niingize maandishi yangu ya pili, ile santuri.

Elizabeth Cotten alizaliwa mwaka 1893 karibu na Chapel Hill, North Carolina, Marekani. Alianza na banjo ya kaka yake, akiipiga kwa kuibia, kisha akiwa bado msichana mdogo akafanya kazi za ndani na kujinunulia gitaa la dola 3 na senti 75. Alikuwa mashoto. Hakukuwa na mtu wa kumwambia ageuze maelekezo yote kwa sababu hakukuwa na maelekezo. Alilipakata gitaa la kawaida upande uliomfaa, bila kuhamisha waya hata mmoja. Maana yake waya mnene, ambao kwa wengine uko juu karibu na kidevu, kwake ulikuwa chini karibu na paja. Vidole vyake vikapiga besi, na kidole gumba kikaimba wimbo. Baadaye akaolewa, kanisa likamkalisha mbali na nyimbo za dunia, gitaa likawekwa chini kwa miaka mingi sana. Alikuwa mama wa makamo, anafanya kazi za ndani nyumbani kwa familia ya Seeger, wenyewe watu wa muziki, ndipo akaushika tena ule ufundi. Kijana wa nyumba, Mike Seeger, akamrekodi, na mwaka 1958 kampuni ya Folkways ikatoa santuri yake ya kwanza, *Folksongs and Instrumentals with Guitar*.

Wengi wanaujua wimbo mmoja tu humo, "Freight Train," alioutunga akiwa mtoto, na ambao ulishafika Uingereza na kuandikishwa kwa majina ya watu wengine kabla haki yake haijatambuliwa. Ni hadithi ya kukasirisha na inastahili kusimuliwa. Lakini mimi nina ugomvi na namna anavyoandikwa. Karibu kila makala inaanza na mambo mawili: mtumishi wa ndani, na gitaa alilolipiga "kinyume." Kama vile ni muujiza, kama vile ni sarakasi. Sasa jiulizeni: kinyume na nani? Neno hilo lina mtu anayelisema, na mtu huyo amesimama mahali. Kwa Cotten mwenyewe gitaa halikuwa kinyume. Lilikuwa pajani mwake. Mpwa wangu aliyeona kitabu ndicho kilichopinduka alikuwa na hoja ileile, bila kuisoma popote.

Sikilizeni "Vastopol" kwenye santuri hiyo. Hauna maneno. Nyuzi hazikufungwa kwa mpangilio wa kawaida. Zimetyuniwa D-A-D-F♯-A-D, ambayo ukizichapa zote bila kubonyeza chochote zinatoa kodi nzima ya D. Jina lenyewe limetoka mbali: karne ya 19 huko Marekani kulikuwa na kipande cha gitaa cha Henry Worrall kilichohusu kuzingirwa kwa mji wa Sevastopol katika vita vya Crimea, kikipigwa kwa mpangilio huo. Watu weusi wa Kusini wakakichukua, wakakifanya chao, jina likasagika mdomoni hadi likawa Vastopol au Vestapol. Lugha hufanya hivyo. Sisi tuliogeuza "school" ikawa skuli hatuna la kushangaa.

Cha kusikilizwa humo ni uzito wa wimbo. Kwa mpigaji wa kawaida, gumba lenye nguvu linagonga besi, na wimbo unaachiwa vidole vyembamba vya pembeni, kwa hiyo wimbo unang'ara lakini mwepesi. Kwa Cotten, gumba ndilo linaloimba. Wimbo una nyama. Besi inatembea chini kwa upole, haijigambi. Hiyo si kasoro iliyosamehewa kwa sababu ya kipaji. Ni sauti ambayo isingepatikana kama angegeuzwa. Na mara nyingi anatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Hapo anakutana na mtu wetu mmoja bila kujuana: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mwimbaji wa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" mwaka 1952 na ambaye naye dunia ilimshangaa kwa gumba na kidole kimoja. Na wale wanaodhani kubadili nyuzi ni mambo ya Wazungu wakumbuke Wakongomani na mi-composé: waya wa nne unatolewa, unawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu. Hakuna aliyeomba ruhusa kwenye kitabu.

Lakini mhakiki asiwe shabiki tu. Njia ya Cotten ina gharama. Maumbo ya kodi ya vitabuni hayakai vizuri mkononi, kwa hiyo unajitengenezea yako. Ukichapa kushuka, waya mwembamba unalia kwanza na mnene mwisho, kwa hiyo mchapo wenyewe una lafudhi nyingine. Albert King, mpiga bluzi mwingine aliyepindua gitaa bila kuhamisha nyuzi, alikuwa akivuta waya kwenda chini pale wenzake wanaposukuma juu, na kuna walioumia vidole wakijaribu kumwigiza. Jimi Hendrix alichukua njia nyingine: gitaa la mkono wa kulia, limepinduliwa, na nyuzi zikahamishwa zikae kwa mpangilio wa kawaida kwa mashoto. Wote watatu ni mashoto, na majibu yao hayafanani. Kwa hiyo anayekwambia mashoto anapaswa kufanya hivi au vile, mwulize kwanza anamzungumzia yupi.

Mimi nilichagua njia ya Hendrix, kwa sababu za kizembe: niliyoyajua kichwani yote yalikuwa ya mpangilio wa kawaida. Nikaligeuza gitaa la mjomba. Si kuhamisha nyuzi tu, maana kile kipande cha juu ya shingo kinachopitisha nyuzi kina mifereji ya unene tofauti. Waya mnene hauingii kwenye mfereji wa mwembamba. Fundi seremala wa mtaani kwetu alinichongea kipya kwa mfupa wa ng'ombe niliouchukua buchani. Kipande cha chini, pale darajani, kimewekwa mshazari kwa faida ya mkono wa kulia, kwa hiyo ukipanda juu ya shingo noti zinatoka nje kidogo. Hilo bado halijatatuliwa. Tunaishi nalo.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya miaka ishirini iliyopita: nikaachana na tyuni ya kawaida. Nikafunga D-A-D-G-A-D. Waya wa sita unashushwa kutoka E hadi D, wa pili kutoka B hadi A, wa kwanza kutoka E hadi D. Mpangilio huu unahusishwa na Davey Graham, Mwingereza mwenye mama kutoka Guyana na baba wa Uskoti, aliyekwenda Moroko miaka ya mwanzo ya 1960 akakuta wapiga udi na kutaka gitaa lake liweze kukaa nao kikao kimoja. Ladha yake inatokana na kinachokosekana. Humo mna D, A na G peke yake. Hakuna ile noti ya tatu inayoamua kama wimbo ni wa furaha au wa majonzi. "Vastopol" imeshaamua, ina F♯ yake. DADGAD inakuachia uamue mwenyewe.

Na iandikeni mwone. D-A-D-G-A-D. Isomeni kutoka kulia: D-A-G-D-A-D. Herufi mbili tu za katikati ndizo zimebadilishana viti. Oktava hazifanani, najua, msinipigie kelele. Lakini kwa mtu aliyeishi maisha yake mbele ya kioo, kukuta mpangilio ambao jina lake linakaribia kusomeka sawa pande zote mbili, we acha tu.

Hapo modi zikanifunguka. Unaacha D za chini zivume, kisha unatembea juu ya waya mmoja, ule wa kwanza, ambao nao ni D. Ionia ni freti 0, 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12. Doria ni 0, 2, 3, 5, 7, 9, 10, 12. Miksolidia ni 0, 2, 4, 5, 7, 9, 10, 12. Eolia, 0, 2, 3, 5, 7, 8, 10, 12. Frigia, 0, 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12. Nyumba haibadiliki, D iko palepale inavuma; kinachobadilika ni hali ya hewa. Doria na Eolia zinatofautiana freti moja tu, 9 na 8, na tofauti hiyo ni kama mtu mwenye huzuni anayeinuka kwenda sokoni na mwenye huzuni aliyebaki kitandani. Miezi mitatu ya michoro haikunipa hilo. Nililipata jioni moja, umeme umekatika.

Tena angalieni kitu kingine. Namba hizo hazina mkono. Freti ya 7 ni ya 7 kwa Bosco, kwa Cotten, kwa mpwa wangu. Laiti mwandishi wa kitabu kile angezitegemea namba na masikio kuliko picha, asingehitaji ile sentensi yake ya herufi ndogo. Kosa lake halikuwa kutusahau, alitukumbuka. Kosa lilikuwa kuchagua njia ya kusimulia inayohitaji mwili wa aina moja. Waandishi wa hadithi mnaonisoma, hilo liko kwenu pia.

Halafu nikagusa freti 0, 1, 4, 5, 7, 8, 10, 12. Nikasimama. Hiyo haikuwemo katika zile saba za kitabu, lakini niliijua. Ndiyo inayolia redioni mchana wa Tanga, bibi akichambua mchele. Wapiga udi na kanuni wa taarabu wanaiita Hijazi. Niliizoea kabla sijajua kusoma, na hakuna aliyenichorea. Nikajaribu kuitafuta Bayati nikashindwa, kwa sababu noti yake ya pili inakaa kati ya freti 1 na 2, mahali ambapo gitaa halina mlango. Udi hauna freti, unaingia popote. Kwa hiyo hata gitaa langu lililogeuzwa, lililofungwa upya, lenye mfupa wa ng'ombe, bado lina mahali ambapo linaniambia geuza yote. Sikulichukia kwa hilo, ila niliacha kuliamini kupita kiasi.

Hukumu yangu basi. Kitabu: kisomeni kwa ajili ya namba, michoro yake muiache. Santuri ya Cotten: itafuteni, msikilize "Vastopol" na "Spanish Flang Dang" kabla ya "Freight Train," na mkisoma makala yoyote inayomsifu kwa kupiga "kinyume," mwulizeni mwandishi amekaa upande gani. Mwaka 1985, akiwa ameshavuka miaka 90, alipewa Grammy. Alifariki mwaka 1987, na hadi mwisho hakuhamisha waya.

Mpwa wangu alirudi likizo ya Desemba. Nilikuwa nimelipakata gitaa upande wangu mpya, napiga polepole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, maana ndivyo nilivyo sasa. Akanitazama muda mrefu.

"Kwani mjomba, na wewe ni mashoto?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia akae, nikampa waya mmoja na namba nane za Doria. Alizipiga mara tatu, ya tatu bila kuangalia vidole. Kisha akataka kujua kama anaweza kupata wimbo wa katuni fulani ya kwenye televisheni. Tuliutafuta hadi saa nne usiku. Uko kwenye Miksolidia.